Maneno Matatu ya Kumuaga Sista

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda hadi kwetu Mbinga kugombea kahawa, sista wa Kiholanzi aliyesimamia jiko la hospitali ya misheni alitangaza kwamba anarudi kwao moja kwa moja. Mama alikuwa amepika naye miaka mingi. Alitaka kumuaga kanisani kwa lugha yake, watu wasikie kwamba walikuwa wenzi, si bosi na mtumishi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikapewa kazi ya kumfundisha.

Alichagua maneno ya kazi zao: hospitali, viazi, bustani ya mboga. Nilikuwa na kamusi ya zamani ya sista, iliyoonyesha silabi na mahali pa mkazo.

"Usiogope, mama. Ni maneno mawili yameungana. Zieken ni wagonjwa, huis ni nyumba. Uzito uweke mwanzoni: ZIE-ken-huis."

Akautupa uzito karibu na mwisho, zie-KEN-huis, kama tunavyosema kila kitu kwa Kiswahili.

"Si mbaya. Tujaribu viazi. Aard ni ardhi, appel ni tufaha. Kata hapo katikati: AARD-appel."

"Kiazi ndiyo tufaha? Kwao kuna njaa!"

Siku ya tatu nilimkuta akitwanga mahindi na mama mdogo, michi miwili, kinu kimoja.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mwambie dada yangu, akishakuwa Mzungu mchi aniachie mimi."

Nikawaomba wasiache. Pigo zito la mama likawa mwanzo wa neno, pigo jepesi la mdogo wake likamalizia. MOES-tuin, bustani ya mboga. Ikakaa sawasawa.

Jumapili mama alisimama mbele ya watu, mikono mitupu, na sauti haikutoka. Kwetu anayetwanga haachwi peke yake. Mama mdogo akainuka, akakunja ngumi kama ameshika mchi. Mama akamwona, akainua mikono yake, akaishusha: "ZIE…"

"…ken-huis!" mdogo wake akapokea. Kufikia bustani ya mboga, akina mama wote vitini walikuwa wanatwanga hewa.

Sista alimjia mama akimwaga Kiholanzi kingi ambacho sikukielewa hata kidogo. Mama alimshika mikono, akamjibu kwa Kimatengo, lugha yetu ya nyumbani, bila haraka. Wakaendelea hivyo hivyo, kila mmoja kwa lugha yake, hadi padri akaketi kuwasubiri.