Jiwe la Baba Ndani ya Kopo

Mashine ya kung'arisha mawe niliiona mara ya kwanza chuo cha ualimu, mezani kwa mkufunzi mmoja. Ni kopo tu linalozungushwa na umeme. Ndani mawe, maji na mchanga vinasuguana mpaka mawe yanakuwa laini. Niliitamani vibaya. Nilipopangiwa shule ya nyumbani, milimani Lushoto, umeme haukuwapo, lakini mfereji wa kumwagilia ulipita nyuma ya jiko la mama. Nikachonga kigurudumu cha mbao cha kuzungushwa na maji, nikakifungia kopo.

Kopo lenyewe lilinisumbua. La mafuta ya kupikia lilitoboka upesi. La rangi lilipiga kelele mpaka kuku wakahama banda, nikalitandika mpira wa baiskeli kwa ndani, likatulia. Nikajifunza pia kwamba ukilijaza sana mawe hayabiringiki, na ukiweka machache yanapasuana.

Mama alinitazama wiki nzima. Kisha akafungua pindo la khanga, akatoa jiwe jeusi lenye ukoko, dogo kama haragwe. Nililijua. Marehemu baba alikwenda bonde la Umba kuchimba vito, mama huku nyumbani akingoja mabati ya kuezekea, baba akarudi na hilo tu. Mama akasema ni kipande cha chupa. Tangu hapo, mbele za watu, akamwita Tajiri wa Chupa, na baba alicheka pamoja nao.

"Litie humo," mama alisema. "Nataka kujua."

Nikamweleza kwamba chupa si ngumu kama mawe ya mtoni, ikichanganywa nayo italika yote.

"Ikiisha, imeisha," akajibu, lakini hakuliachia upesi.

Jirani wa upande wa chini akapanda kwetu amefura. "Mwalimu, maji yakishazungusha hilo dude lako yananifikia yamechoka! Maharage yangu yatakunywa nini?"

Akamwita balozi wa nyumba kumi. Balozi akachutama, akaonja maji ya juu ya kigurudumu, akaonja ya chini, akafikiri sana.

"Hayajachoka," akaamua. Kisha akaniuliza koponi mna nini, nikamwambia. Tangu siku hiyo kila jioni alipita, akamwamkia mama, akaniuliza, "Bado lipo?"

Lilikuwapo. Nilianza na mchanga mkubwa, nikaja kwa uliochekechwa, mwisho majivu, na kila nikibadilisha nilipapasa kwenye tope nikalikuta. Mimi nilizidi kufurahi, mama alizidi kunyamaza. Nilidhani mlio wa kopo umemchosha.

Masika yalipokwisha nikamwaga kopo kwenye ungo, nikasuuza. Jiwe la baba lilikuwa jekundu, jekundu kabisa, na zaidi ya ukoko halikupungua kitu. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Mama alilipeleka dirishani, akaligeuza, wekundu wake ukamwangukia kiganjani. Akakaa chini.

"Kumbe alileta kito kweli," akasema. "Na mimi nilimcheka mpaka tunamzika. Sasa nitamwomba radhi nani?"