Kilo Mbili za Sukari Katika Divai ya Misa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyosimama mlangoni kwa Padri nikiwa na sanduku la chupa tisa za divai, nikasema maneno mawili: "Zabibu tupu." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Maneno hayo yalikuwa ya uongo, na nilijua kuwa ni ya uongo wakati nayasema.

Nakuandikia haya kabla sijazeeka. Nina miaka thelathini na mbili, na wenye mvi wakisoma watasema nimekalia kiti kisicho changu. Lakini nikisubiri uzee, najijua, nitakuwa nimeshaipamba habari hii, nikijiondolea aibu kidogo kidogo mpaka nibaki mtu mzuri ndani yake. Afadhali uipate sasa, ingali inaniuma.

Hapa Nyambureti aliishi mwalimu mstaafu, mama wa Kigogo ambaye serikali ilimleta kufundisha kutoka Dodoma, akastaafu na asiondoke. Tulimwita Mwalimu, basi. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mizabibu iliyotambaa juu ya fito, ambayo aliileta ikiwa vipande vya matawi ndani ya gunia lenye unyevu. Zabibu zake zilikuwa za kijani inayoelekea njano, na zikiiva ua zima lilinukia kama sabuni ya kuogea ya wageni. Kila mwaka alitengeneza divai kidogo, chupa nane au kumi, kwa ajili ya Misa. Divai ya Misa ina sharti lake: iwe ya zabibu, isiongezwe sukari wala tunda jingine. Kwa hiyo aliyeitengeneza aliipeleka mwenyewe kwa Padri na kumwambia kwa mdomo wake kuwa ni zabibu tupu. Padri hakuwa na kipimo kingine zaidi ya mdomo huo.

Mimi nilikuwa nimefeli kidato cha nne na niko nyumbani. Nilianza kwenda kwa Mwalimu kumchotea maji, nikanogewa na kazi ya zabibu. Hakunifundisha kwa kueleza. Nilitazama, nikaandika kwenye daftari. Zabibu zikishakatwa hazikamuliwi siku hiyo. Zinatandazwa juani juu ya majamvi siku saba au nane, mpaka zinanyauka na kukunjamana. Maji yanapungua, utamu unabaki. Jioni zinafunikwa kwa ajili ya umande, mchana zinageuzwa shada moja moja. Ndipo zinakamuliwa, na maji yake yanaachwa yaumuke taratibu kwenye pipa lililofunikwa kitambaa. Daftari hilo nilikuwa nimelinakili upya mara tatu kwa sababu sikuvumilia kuona mahali nilipofuta. Nadhani unaelewa tayari nilikuwa mtu wa namna gani.

Mwaka ule ikatokea rashi, mbio za watu kukimbilia machimboni. Dhahabu ilisikika imeonekana upande wa Tarime, na ndani ya wiki mbili kijiji kilibaki na wazee, akina mama na watoto. Kaka yangu Mwita, ambaye ndiye aliyekuwa akinisaidia kubeba majamvi, alichukua sururu ya baba. Nilimkuta kwa Mwalimu anaaga.

"Sasa nani atabeba majamvi?" nikamuuliza.

"Bebeni nyie wenye mkataba na Mungu," akasema. "Mimi nikirudi nitamletea Padri divai ya dukani, yenye kizibo."

"Uje na kizibo cha mdomo wako kwanza," Mwalimu akamjibu, na wote tukacheka.

Mwezi huohuo Mwalimu aliteleza akaumia nyonga, akawa mtu wa kukaa kitini. Zabibu zilipoiva aliniita. "Mwaka huu ni wako, Ghati," akaniambia. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, na si kwa furaha.

Siku ya tano ya kuanika, mvua ambayo haikuwa na wakati wake ikanyesha mchana. Nilikuwa na majamvi saba na mikono miwili. Matatu niliyawahi kuyaingiza ndani. Manne yakanyeshewa mbele ya macho yangu. Nilichambua zabibu zilizopasuka mpaka shingo ikakakamaa, nikazirudisha juani zilizobaki, nikakamua siku ya tisa. Nikaonja. Nikaonja tena. Utamu ulikuwapo, lakini nyuma yake kulikuwa na uchachu.

Hapa nataka unisikilize vizuri. Mimi nilikuwa sijawahi kuonja divai ya Mwalimu ikiwa imekamilika. Ilikuwa ya altareni, haikunywewa nyumbani. Lakini kichwani nilikuwa nimeitengenezea ladha yake, kama asali, isiyo na kosa hata moja, na hiyo ndiyo niliyokuwa najipimia. Siku ya tatu ya kuumuka nilikwenda dukani.

"Kilo mbili?" mwenye duka akauliza. "Kwenu kuna harusi au msiba?"

"Chai," nikasema.

Nikaimimina sukari yote ndani ya pipa na kukoroga kwa mwiko mrefu. Mwezi wa kumi na mbili divai ilikuwa imetulia na imeng'aa. Nilimpelekea Mwalimu kidogo kwenye kikombe cha chai. Aliinusa, akanywa, akakaa nayo mdomoni.

"Ghati," akasema, "umenipita."

Nilipaswa kusema palepale. Mdomo niliufungua. Lakini nilikuwa na miaka mitatu nasubiri mtu yeyote aniambie nimefanya kitu vizuri, tangu siku matokeo ya mtihani yalipobandikwa, na sikuweza kulirudisha neno lile. Siku iliyofuata nikapanda bodaboda na sanduku langu, nikasimama mlangoni kwa Padri. Akaniuliza kama alivyokuwa akimuuliza Mwalimu, nami nikajibu. Akatabasamu. "Mwalimu amepata mrithi," akasema, na kuliingiza sanduku ndani.

Zilibaki siku tano kufika Krismasi. Siku ya kwanza nilijiambia sukari na zabibu vyote ni mimea. Siku ya pili nilijiambia Mungu anaelewa habari za mvua. Siku ya tatu mama aliweka ugali mbele yangu, nikautazama tu, nikanyanyuka kwenda kwa Mwalimu. Nilimkuta kivulini kwa ukuta, ungo wa maharage mapajani, anachambua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vuta kigoda."

"Sikai. Nilitia sukari."

Akaendelea kuchambua. "Ngapi?"

"Kilo mbili."

"Na kwa Padri ulisemaje?"

"Nilisema zabibu tupu."

Hapo akauweka ungo chini. "Kwa nini?"

"Haikuwa tamu. Majamvi manne yalinyeshewa."

"Mvua niliiona. Niko kitini, siko kaburini." Akanyoosha fimbo kuelekea mlangoni. "Ingia chumbani kwangu. Chini ya kitanda kuna chupa ya mwaka jana. Ilete na kikombe."

Nikaileta. Akanimiminia kidogo na kuniambia ninywe. Nikanywa, na uso ukanikunjika wenyewe. Ilikuwa chachu, mwanangu. Ilikuwa chachu kuliko ile niliyoikamua mimi kabla sijaigusa na sukari.

"Mwaka jana nilikata mapema, ndege walikuwa wanazimaliza," Mwalimu akasema. "Nilimwambia Padri, ni zabibu tupu, ila safari hii ni chachu. Akasema, asante Mwalimu. Hakuna lingine alilosema. Sasa niambie, wewe ulikuwa unashindana na divai ipi?"

Nikakiweka kikombe chini.

"Divai chachu Padri angekunja uso kama ulivyokunja wewe, akaendelea na Misa," akasema. "Lakini hiyo uliyompelekea, watu wangeipigia magoti, na wewe ungekuwa kati yao unajua ilivyo. Mimi nimefundisha watoto miaka mingi. Aliyekosea hesabu sikuwahi kumchukia. Aliyefuta jibu lake akaandika la jirani, huyo ndiye aliyeninyima usingizi, kwa sababu sikujua tena nimsaidie wapi." Akaiziba ile chupa, akanirudishia. "Nenda ukachukue sanduku. Na chupa hii umpelekee, itamtosha. Sikusindikizi, wala simtumi mtu mbele yako."

Nilikwenda kwa miguu, nikitumaini kwamba njia itakuwa ndefu. Padri alikuwa uani anaosha pikipiki yake. Nilisema nikiwa bado mbali, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, maana niliogopa nikikaribia nitashindwa. Alisimama na kitambaa kinadondosha maji.

"Kesho nilikuwa naipeleka machimboni," akasema taratibu. "Wale vijana wa rashi wameomba Misa ya Krismasi. Wamejenga hadi altare ya magogo. Ningekwenda nayo, Ghati."

"Najua, Padri."

"Hukujua. Ndiyo maana nakwambia."

Akaingia ndani, akatoka na sanduku akanirudishia, akaipokea chupa ya Mwalimu kwa mikono miwili. Mimi hakunipa mkono. Nilipokuwa naondoka akaniuliza, "Mwakani utaleta?"

"Sijui kama utaniamini."

"Sijui pia," akasema. "Wewe lete."

Mwita alirudi siku ya Krismasi akiwa na kikohozi na viatu vilivyochanika, bila dhahabu. Mama akafungua chupa moja kati ya zile tisa. Kaka akanywa, akalamba mdomo. "Sasa hii ndiyo divai. Kumbe Padri anakula maisha." Kila mtu akacheka, na kila mtu akaisifu, na kila sifa ilinichoma mahali pake. Nikawaeleza kwa nini imo nyumbani. Mwita akaitazama divai, kisha akanyoosha kikombe. "Basi dhambi yako ni tamu, dada. Ongeza."

Mwaka uliofuata nilisimama tena pale mlangoni. "Zabibu tupu, Padri. Si tamu sana. Upande mmoja nilichelewa kugeuza." Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akalipokea sanduku na kunipa mkono. Mwalimu alikuwa hai bado nikamsimulia. Sasa hayupo, na mizabibu naitunza mimi, na mpaka leo sijawahi kutengeneza divai ambayo sikuwa na neno la kuongeza baada ya "zabibu tupu."

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wewe umerithi wasiwasi wangu. Nakuona ukichana ukurasa mzima wa daftari kwa herufi moja iliyopinda. Siwezi kukuondolea wasiwasi huo, wala mimi mwenyewe sijapona. Ninachokuomba ni kwamba unapomkabidhi mtu kazi yako, umkabidhi na kasoro yake, uitaje kwa mdomo wako kabla hajaiona. Usijipime na kitu ambacho hujakionja. Na kama umeshadanganya, kwa maana kuna siku utadanganya, usingoje uongo upate sababu nzuri. Nenda wakati sanduku bado halijafunguliwa, nenda hata kama hutapewa mkono.

Mungu aibariki mikono yako, hata siku inapotetemeka. Akupe watu watakaokuuliza swali wazi, na akupe kinywa cha kuwajibu. Utakapokosea akuonyeshe njia ya kurudi, na huko unakorudi umkute mtu anayeweza kukwambia: wewe lete.