Meza ya Binti Mashoto

Mume wangu amestaafu useremala, ila mikono yake bado haijaambiwa. Watu wanamwita Milimita, na hawakukosea. Akiona mto wa kitanda umekaa upande, hapati usingizi.

Karakana yake ya uani alimkabidhi binti yetu. Alimpa funguo mbele ya majirani, na hotuba juu. Sasa binti yetu ni mashoto tangu alipojua kushika kijiko. Siku ya pili tu akageuza meza ya kazi ili dirisha likae kulia kwake, kivuli cha mkono kisiangukie mstari anaoukata. Jiliwa la kubania mbao akalihamishia pembe nyingine. Patasi na randa akazitundika kushoto. Nikasema moyoni, haya, kazi ipo.

Kweli ilikuwepo. Alfajiri Milimita kaingia karakanani kwa ufunguo wa akiba, karudisha kila kitu "mahali pake." Binti alipofika, nusu saa ikaishia kugeuza meza. Kesho yake vilevile. Wiki nzima, jamani! Meza ile ilizunguka kuliko mimi sokoni.

Ungekuwa mzaha tu, ningecheka nikaenda zangu. Lakini shule ilikuwa inasubiri madawati thelathini siku ya Ijumaa, na mwalimu mkuu alishasema wazi kwamba yakichelewa, kazi zote zijazo zinakwenda kwa fundi mwingine. Jumatatu jioni binti alikuwa na madawati kumi na saba. Alikuja jikoni akajitupa kwenye kiti, hakuvua hata aproni.

"Mama, baba nampenda. Ila akiigusa tena ile meza, nahama. Nitapanga karakana yangu kwingine."

Roho iliniuma. Mtoto mwenyewe ndiye huyo huyo mmoja! Halafu hasira zikanipanda.

Asubuhi nilimkuta Milimita keshageuza meza, anajifuta jasho kwa raha zake. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikampa kopo la vifungo vya nguo na bakuli tupu.

"Leo binti yako atatengeneza dawati moja kwa mpango wako na moja kwa mpango wake. Wewe hesabu hatua zake. Kila hatua kumi, tupa kifungo kimoja bakulini."

"Wewe unajua nini kuhusu useremala?"

"Najua kufagia vumbi lako miaka thelathini na minne. Hesabu!"

Mwanzoni alivitupa vifungo kwa mbwembwe. Binti akainama upande huu, akazunguka meza, akajiziba mwanga mwenyewe, akapindisha mkono kama anayejikuna mgongo. Kwenye kifungo cha ishirini mume wangu aliacha kutabasamu. Dawati lilipokwisha, bakuli lilikuwa na thelathini na moja.

Tukageuza meza. Dawati la pili: kumi na nane.

"Safari hii hatua zake zilikuwa ndefu," Milimita akasema.

"Baba!"

"Nasema tu." Akainuka, akaenda ndani, na chai hakunywa.

Kulipopambazuka niliamka, kitanda kitupu upande wake. Eti! Nilitoka mbio na ndala mguu mmoja, maneno yote makali nimeshayapanga mdomoni. Karakana iko wazi, na mzee yuko ndani, rafu ya gundi kaibandua ukutani.

"Wewe mwanamume huna haya!"

"Punguza sauti."

Meza ilikuwa vilevile alivyoiacha binti. Milimita alisimama mbele yake, mkono wa kulia kauficha mgongoni, wa kushoto kaunyoosha kuelekea ukutani. Akaweka alama ya penseli hapo vidole vilipofika, ikatoka imepinda kama ya mtoto wa chekechea.

"Gundi anaifuata hatua sita kila mara," akasema. "Ikikaa hapa hanyanyui mguu. Ijumaa saa sita mchana atakuwa kamaliza. Haya, nishikie rafu, na akiuliza, sema umehamisha wewe."