Nilifuta sauti ya marehemu nikaweka nyimbo za Waswidi

Wakuu, nawasalimu kutoka Kasongo, huku Maniema.

Haya siyo ya kusimuliwa. Nimeyafanya mimi mwenyewe, na kama ningekuwa mutu wa kudanganya ningejipa sehemu nzuri kidogo. Hakuna.

Kazi yangu ni kuweka nyimbo kwenye kadi za simu, pale sokoni. Kompyuta moja, sola moja, kiti kimoja cha mteja.

Nyimbo ninazo za kila aina, lakini zinazonilisha ni za lile kundi la Uswidi, wanawake wawili na wanaume wawili, walioimba wakati baba yangu angali kijana. Msiniulize kwa nini. Wenye harusi wanazitaka, walimu wa shule za misheni wanazitaka, wasusi wa nywele ndiyo usiseme. Wengi hawaelewi hata neno moja, ila wanaimba mpaka mwisho. Wanamuziki wetu wa juzi tu tumeshawasahau, hawa bado wako.

Sasa mjue jambo moja la huku kwetu. Kati ya Salamabila kwenye dhahabu na Wamaza kwenye mashamba, network ni ya kubahatisha. Basi mchimbaji anarekodi sauti yake kwenye kadi, anampa motari, yaani mwenye pikipiki, naye anaifikisha kwa mke. Mke anasikiliza, anarekodi majibu, kadi inarudi. Hiyo ndiyo barua yetu.

Kadi zikija kwangu zimejaa barua za namna hiyo, nafuta. Zamani nilikuwa nauliza, watu wakanicheka, barua iliyokwisha kusikilizwa ni ya nini? Ikawa mazoea. Format, halafu copy.

Siku moja akaja Mama Zaina, kutoka Wamaza. Mume wake alikuwa amefukiwa na shimo kule Salamabila. Akakaa kwenye kiti, akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi.

"Papa, uniongezee zile nyimbo za Wazungu. Marehemu alikuwa anazipenda sana."

Nikamwambia pole mama, ni dakika chache tu.

Alisema nimwongezee. Nilisikia vizuri kabisa, wakuu, sitajificha hapo. Lakini watu walikuwa wamepanga mustari, bateri inashuka, na mkono umeshazoea. Nikaformat, nikaijaza kadi mpaka juu. Hata nilijisifu kwamba nimemwekea zote, haukubaki wimbo.

Baada ya wiki mbili akarudi. Akakaa kwenye kiti kilekile.

Mume wake aliondoka yeye akiwa na mimba. Hakuwahi kumwona Zaina, na Zaina sasa ana miaka mitatu. Kwenye ile kadi kulikuwa na sauti moja tu, ya mwisho, ambayo motari aliileta pamoja na habari ya kifo. Humo baba anaongea na mutoto wake, anamwita kwa jina. Mama aliisikiliza mara moja tu, peke yake, akaitunza kwa siku ya arobaini.

"Watu walipomaliza kula, nikamukalisha Zaina," akaniambia. "Nikamwambia, nyamaza mama, sasa baba yako anasema na wewe. Nikafungua. Wakaimba wale Wazungu."

Hakunitukana. Bora angenitukana.

Nilifunga kazi mchana uleule nikakimbia na kadi kwa fundi wa kompyuta. Akahangaika nayo na program zake za recovery, wapi. Akaniambia ungefuta tu, ningeitoa. Lakini umejaza. Nyimbo zimekaa palepale sauti ilipokuwa.

Nilienda Wamaza na wajomba zangu kuomba msamaha, tukapeleka mbuzi. Walimpokea mbuzi, wakasema imekwisha. Mimi kwangu haijaisha. Siku hizi ukipita soko la Kasongo, kila upande ni wale Waswidi. Nazisikia natamani kuziba masikio, kisha anakuja mteja, anataka zilezile, nami nina watoto wa kulisha.

Mwezi uliopita Mama Zaina alikuja tena.

"Papa, ile kadi imeharibika, nimeleta ingine. Uniwekee tena zile nyimbo. Zaina iko analia, anataka baba yake asemeseme."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza kwamba tangu siku ile ya arobaini mutoto anajua yule anayeimba ndiye baba. Mama hakupata nguvu ya kumkatalia.

Nikamwekea. Hazikupita dakika tatu.

Wenzangu wa kazi hii, ulizeni kabla ya kufuta, hata kama mteja atawacheka. Hilo ndilo somo, sina lingine.

Mtakaochangia, msinipe pole, siistahili. Ninachotaka kwenu ni ushauri. Zile nyimbo haziishi, mutoto atazisikia kila harusi atakayokwenda. Akikua, nani kati yetu atamwambia kwamba yule siyo baba yake?