Bwana Yuko Mlangoni

Ami yangu alikuwa na neno moja tu la kumsifu mwanamke aliyempikia: mwaminifu. Tulipofika Matrah, jirani na Maskati, kutoka Unguja, baada ya Mapinduzi, mama akilia kila akiyatazama majabali, ndivyo alivyotujulisha kwake. "Huyu mwaminifu. Tangu utoto wake hapa nyumbani hajanichukulia hata hiliki." Mwenyewe alikuwa amesimama pale pale na sinia la kahawa, na hakuna aliyemtazama usoni.

Nilidhani ni mpishi wa mshahara. Asubuhi ya pili nikamwamkia shikamoo, kama nilivyofunzwa kwa mtu mzima, naye akageuka nyuma kutazama namwamkia nani. Hapo nikaanza kushuku. Siku zile zile nikamsikia ami akimtaja mbele ya wageni kwa neno khadim, wanalowaitia watumwa wao, na nikafahamu kwamba utumwa, ambao kwetu ulikuwa umebaki katika masimulizi ya bibi zetu, hapa ulikuwa jikoni unakuna nazi.

Mimi ni mtu wa shaka, sikatai. Mtu akinisalimia mara mbili huuliza moyoni anataka nini. Lakini yule bibi alinishinda. Alichukuliwa pwani ya kwetu akiwa mdogo, hajui wapi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kizamani, cha kitoto kidogo. Tulizungumza tukichagua mchele, na kila nilichomuuliza alijibu kwa kuniuliza nani kanituma nimuulize.

Mwaka wa pili mafuta ya moto yalimmwagikia mguuni. Kidonda kikaoza. Mama akamshikilia ami mpaka akakubali apelekwe hospitali ya wamisionari, kwa shingo upande. "Wale hawatibu bure," alisema. "Wanataka roho za watu." Basi kila alasiri ami akawa ananituma na chakula cha mgonjwa, nikae, nisikilize wanamwambia nini.

Muuguzi wake alikuwa mama wa Kizungu aliyejifunza Kiswahili bara. Alikuwa akimsomea kitabu chao, na siku moja akamsomea habari ya mtumwa wa zamani za Warumi aliyemtoroka bwana wake, akakutana na mtume wao mmoja kifungoni, akaingia dini. Mtume yule akamrudisha kwa bwana wake, pamoja na waraka wa kuomba apokewe kama ndugu, si kama mtumwa. Muuguzi alisoma kwa furaha. Alimwita mtumwa yule mwaminifu, neno lile lile la ami. Nikisikia watu wawili wasiopatana wakimsifu mtu kwa neno moja, mimi hushika mkoba wangu.

"Waraka kachukua nani?" bibi akauliza.

"Mwenyewe, mama. Aliubeba mkononi."

"Anajua kusoma?"

"Hilo sijui."

"Na bwana wake kasemaje alipomuona?"

Muuguzi akafunga kitabu. "Haikuandikwa. Sisi tunaamini alimpokea vizuri."

"Ingekuwa vizuri mngeiandika," bibi akasema, akageukia ukutani.

Yule mama wa watu aliona amemhuzunisha, akataka kutengeneza. Akainama, akamshika bega, akamwambia kwa upole wote, "Usiogope, mama. Bwana anakupenda. Yuko mlangoni sasa hivi, anabisha hodi."

Kwake yeye, Bwana ni Nabii Isa, wanayemwita Mwokozi. Kwa bibi, bwana alikuwa mmoja tu, mwenye kanzu na bakora. Aliruka kitandani na mguu wake mbovu, akatokea mlango wa nyuma. Nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipoona damu sakafuni.

Nilimkuta chumba cha kufulia, nyuma ya mashuka yaliyotundikwa, ameshika pasi ya mkaa.

"Kanifuata?"

"Hakuja, bibi. Yule anamsema bwana wao, wa dini yao."

"Na wewe umetumwa?"

Nikaitikia, kwani kweli nilikuwa nimetumwa.

"Basi mtumwa kama mie," akasema, hata hakukasirika.

Mimi ndiye niliyekasirika. Nilisoma mpaka darasa la kumi, na neno lile nilikuwa nikilitamka tangu utotoni bila ya kulisikia. Nikakasirika na ami, nikakasirika na muuguzi, na sijui kwa nini nikakasirika na bibi pia.

"Nataka nibaki hapa," akasema. "Wamenambia nikipona ntafua mashuka, nna pa kulala. Kama umetumwa, kapeleke jawabu. Kamwambie nimeingia dini yao. Hatokula tena kwa mkono wangu."

"Bibi, watu watakutenga. Hata maiti yako hawatoiosha."

"Hayo yangu na Mungu. Wee nenda."

Nilikwenda. Ami aliweka kikombe chini, akasema astaghfirullah. Lakini damu yetu ni moja, na shaka yangu sikuiokota njiani. "Mbona unanipa habari kama hii macho makavu?" akaniuliza.

Ramadhani ikaingia, na kibaridi cha Maskati. Mguu ulikuwa umepona na bibi anafua mashuka. Siku moja baada ya adhuhuri ami akamwambia mama apakue wali na papa. Mama alidhani amerukwa na akili. Ami akanichukua mimi na sahani mpaka uchochoro unaotazamana na ukumbi wa hospitali, akasimama kivulini.

"Mpelekee. Akila, nimemwacha na makafiri wake. Asipokula, basi mmenidanganya, na leo hii narudi naye nyumbani."

Bibi alikuwa ndani akikamua shuka. Midomo imemkauka, ukimtazama tu unajua kafunga. Nikamwambia kwa sauti ya chini ami yuko wapi na amesema nini. Hakutazama nje. Aliosha povu mikononi, akaja akaketi kwenye ngazi ya ukumbi, uso ameuelekeza uchochoroni, akapokea sahani.

Saumu alifundishwa nyumbani kwa ami, na aliwahi kunambia kwamba tangu aanze kufunga hajala mchana wa Ramadhani hata akiwa na homa. Akafinyanga tonge. Ami, kule alikokuwa, aliuona mkono ukienda kinywani. Mimi niliyekuwa karibu nilimsikia akisema bismillahi.

Alitafuna kwa shida. Nilipogeuka, uchochoro ulikuwa mtupu.

"Kesha kwenda?" akaniuliza, mkono umesimama juu ya sahani.

Nilitazama tena. Kulikuwa na kona pale, na nyuma ya kona sikuweza kuona.

"Kula, bibi," nikamwambia. "Kula wote." Akala wote, machozi yakimdondokea walini.