Wino Mweusi na Chapa ya Pajani

Raheli wa Haneti hakuwahi kukaa darasani, na kwa miaka mingi alilionea haya jambo hilo. Haya zenyewe zilimwisha mwaka huu, alipoona kwa macho yake wenye kusoma wanavyofanya kazi.

Mumewe Jordan alipozikwa, udongo haujakauka kaburini, shemeji yake Bartolomayo alifungua zizi akaswaga ng'ombe wote kwenda kwake.

"Mali ya ukoo, shemeji," alisema, akijifuta machozi yasiyokuwapo. "Wewe ulikuja hapa na nguo zako tu."

Bartolomayo huyo ni mchuuzi wa mifugo. Kanisani hukaa benchi la mbele, lakini mnada wa Chemba anaujua kuliko Zaburi.

Alichokuwa hakijui ni kwamba Raheli alikuwa na ng'ombe wawili wa kwake mwenyewe, majike, wa jasho la karanga zake. Wagogo tangu zamani hawaweki mali yote zizi moja. Mtu humkabidhi rafiki wa mbali, rafiki akanywa maziwa, mwenye ng'ombe akafunga mdomo. Majike hao walikuwa Busi, kijiji cha Kondoa, kwa Kuluthumu, Mrangi ambaye Raheli alilala naye wodi moja walipojifungua watoto wao wa kwanza, Raheli akimpata Ruthu. Jordan alilijua hilo, akafa nalo.

Raheli alipomshtaki shemeji yake mahakamani, Bartolomayo hakukana kuchukua ng'ombe. Alidai tu, kwa kubahatisha, kwamba hata huyo mjane amewaficha wengine, na akiwapata atawachukua. Mahakama ikaamuru Raheli aorodheshe mifugo yake, ila katika nakala ya Bartolomayo jina la mtunzaji na mahali anapokaa vifichwe.

Kazi hiyo ilimwangukia Hilda, mwanasheria wa ofisi moja ya kutetea wanawake pale Dodoma mjini. Binti mwenye kucha ndefu na miwani mikubwa. Alitaka kila kitu: rangi za ng'ombe, pembe, alama. Kuluthumu akampelekea picha kwa simu, naye akanakili alichokiona. Kisha akashika kalamu nene ya wino mweusi, akaanza kufunika.

"Jina la mtunzaji, kijiji, kata, wilaya, vyote nimeviua, mama," alisema, akiinua karatasi dirishani. Ilikuwa na michirizi kama punda milia. "Hata akiianika juani haisomeki."

"Una hakika, mwanangu?"

"Mama, hii ndiyo kazi niliyosomea."

Raheli akatia dole gumba, akarudi Haneti na moyo mweupe. Aliyesomea kasema, nani abishe?

Bartolomayo naye hasomi. Alipoletewa nakala yake aliipeleka kilabuni, akampa Joel, kijana wa kanisani kwake, amsomee mbele ya watu. Joel akasoma. Kila palipokuwa na wino mweusi alisema "giza," na walevi wakaitikia "giza!" kama kwaya. Akafika kwenye ng'ombe. Jike jekundu, pembe ya kushoto imeinama, chapa pajani... Akaisoma ile chapa, herufi kwa herufi.

Bartolomayo akaweka kopo lake chini. Akacheka mpaka akakohoa.

Mchuuzi gani wa mnadani asiyejua chapa? Serikali ilipoagiza mifugo ipigwe chuma cha moto, kila paja lilipewa herufi za wilaya yake na za kijiji chake. Hilda alikifuta kijiji mahali kilipoandikwa kwa wino, akakiacha mahali kilipoandikwa kwa moto.

Kuluthumu ndiye aliyepiga simu.

"Mama Ruthu, wamekuja."

"Nani?"

"Shemeji yako na vijana wenye fimbo. Wana karatasi ya mahakama. Wakubwa wa kijiji wameona muhuri, wakasema wapite. Hata hawakuisoma."

"Wamekutaja jina?"

"Jina langu walilitakia nini? Wamezunguka mazizi wakitazama rangi, pembe na mapaja tu. Nimelia, nimepiga kelele, wameondoka nao wote wawili."

Raheli akauliza kwa sauti ya chini, "Na binti yake?"

Alimaanisha mtamba, mtoto wa lile jike jekundu, aliyezaliwa baada ya zoezi la chapa. Hilda hakuwa amemwuliza habari za uzao, na Raheli hakumtaja.

"Yuko mlimani kwa kaka yangu Hamidu. Paja lake jeupe, halina kitu. Hawakumwulizia, nami sikusema."

Baada ya mnada wa wiki hiyo Raheli alikuwa barabarani akisubiri gari la Dodoma, Bartolomayo akapita na baiskeli. Akasimama makusudi.

"Shemeji, habari za asubuhi. Mwandishi wako hodari! Kaandika vizuri, hata mimi nisiyesoma nimeelewa."

Raheli akatema mate pembeni ya gurudumu.

Ofisini, Hilda alifungua faili akalipitia mstari kwa mstari.

"Nilifunika majina yote, mama. Amri ilisema jina na mahali."

"Na chapa?"

"Chapa ni alama ya mfugo. Siyo..."

"Baba yako anafuga?"

"Anafuga. Yuko Bahi."

"Basi ukienda likizo mwulize chapa ni nini. Na umwambie ada aliyokulipia ameitupa."

Binti akainama. Hata pole hakusema. Labda shuleni hawafundishi. Alichofanya ni kuvuta karatasi mpya. Ng'ombe walikwisha kuuzwa mnadani, alisema, lakini angeomba mahakama imbane Bartolomayo awalipe. Safari hii wangeandika kila kitu, wasiache hata kimoja.

"Mama, hao majike walikuwa na uzao? Kama kuna ndama au mtamba lazima tumwandike, tumlinde."

Raheli aliitazama ile kalamu nene, imelala mezani bila kifuniko.

"Hawakuzaa."

"Hata mmoja?"

"Miaka ya ukame, mwanangu. Hawakuzaa."

Hilda akaandika hivyo, akamsogezea kidau cha wino. Raheli akatia dole gumba, akajifutia ukutani mwa ofisi, kwenye rangi nyeupe, akaenda kutafuta gari la Kondoa.