Bei ya Nyumba Yetu ya Ruiru

Iko siku moja ya Ruiru, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mgongo unaninyooka. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapigania uhuru msituni. Baba alikuwa kizuizini, nami nilikuwa msichana wa kuolewa karibuni, nikiishi na mama na wadogo zangu katika nyumba ya mawe aliyoijenga baba kando ya soko.

Siku hiyo alikuja Gathungu, mfanyabiashara wa mbao, pamoja na mthamini kutoka Nairobi. Yule mthamini aligongagonga kuta kwa ufunguo, akatazama mabati, akatikisa kichwa. Nyufa, akasema. Kutu. Tena mwenye nyumba hayuko. Kisha akataja bei ambayo, naapa, isingenunua hata mawe ya jikoni.

"Chukua, Mama Wambui," Gathungu akasema. "Bwana wako harudi. Mwezi ujao hutapata hata wa kuuliza."

Mama akamtazama yule mthamini. Nilijua anachowaza, kwa maana jana yake tulikula ugali mkavu. Halafu akauliza, "Huyu bwana amelipwa na nani?"

"Na mimi, bila shaka."

"Basi hiyo ni bei yako. Bei ya nyumba bado sijaisikia."

Kesho yake aliomba kibali cha kusafiri, tukaenda Thika. Huko kulikuwa na mjane aliyeuza nyumba kama yetu muda si mrefu. Akatueleza alilipwa kiasi gani, bila kuficha. Tukamtafuta fundi mwashi, mama akamuuliza ingegharimu nini kujenga nyingine leo. Tuliporudi Ruiru akazunguka kwa wapangaji wa pale sokoni, akiuliza kodi ya vyumba vyao. Kila jibu lilimpa bei yake, lakini hakuna hata moja lililoshuka karibu na ile ya Gathungu.

Gathungu alirudi Jumapili, tumetoka kanisani. Mama akamtajia bei aliyoipata kwa kuuliza, tena mlangoni, bila kumkaribisha ndani. Gathungu alicheka kwanza. Kisha uso ukambadilika.

"Nitamwambia chifu kwamba mnawapikia watu wa msituni."

Mwanangu, wewe hujui neno hilo lilikuwa zito kiasi gani siku hizo. Watu walipotea kwa neno kama hilo. Nikasogea karibu na mama, tukasimama bega kwa bega.

"Nenda ukamwambie," mama akasema. "Ukirudi utatukuta hapa, na bei itakuwa ile ile."

Askari walikuja kweli. Walipekua kila chumba, wakamwaga maharagwe yetu uani na kuyakanyaga, wasipate kitu. Tuliyaokota na kuyaosha, mama akiimba kwa sauti ili majirani wasikie. Kisha akampangisha fundi cherehani chumba cha mbele, na kodi yake ikatulisha.

Baba alirudi, amekonda, jino la mbele limetoka, akalala chini ya mabati yake mwenyewe. Miaka ikapita, mambo yakatulia, baba na mama wakaiuza nyumba ile kwa mwalimu mmoja, kwa hiari yao na kwa bei iliyowaridhisha, wakanunua shamba huku Theta. Ndiyo, waliiuza! Usidhani mama aliabudu mawe. Alikataa tu kunyang'anywa kwa jina la kununuliwa.

Kwa hiyo mtu akija kukuambia nyumba yako ina thamani gani, kwanza uliza nani kamtuma. Kisha toka, nenda ukaulize mwenyewe: za jirani ziliuzwaje, zinapangishwaje, kujenga nyingine ni kiasi gani. Usikubali njaa yako ipangiwe bei pamoja na kuta. Na akikutisha, ujue ameshaona kwamba mali yako ni ya maana.

Mungu akupe mlango wako mwenyewe, mwanangu, na akupe miguu ya kusimama pale mlangoni.